Reli ya Angani: Mlima ni Wetu, Je, Maarifa ni ya Nani?

Majuzi nilialikwa katika shule moja ya upili hapa Kwanza, mwendo mfupi kutoka Kitale, nizungumze na wanafunzi kuhusu faida za sayansi. Mimi ni mwalimu wa fizikia niliyestaafu, na siku hizi kalamu na jembe hugawana saa zangu. Nilipomaliza kunena, msichana mmoja wa kidato cha tatu alisimama kwa adabu akauliza: “Mwalimu, umetufundisha kwamba roketi ikirushwa karibu na ikweta hupata msaada wa mzunguko wa dunia. Ikweta iko kwetu. Mbona basi setilaiti ya Kenya ilipelekwa kurushiwa California?” Kabla sijajibu akaongeza la pili: “Na je, ni kweli kwamba wapo wataalamu wanaotaka kurusha mizigo angani kwa nguvu za sumaku kutoka milimani? Huu mlima wetu hautafaa?”

Darasa zima liligeuka kutazama dirishani, ambako Mlima Elgon ulikuwa umejitandaza chini ya mawingu yake. Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu maswali hayo mawili ni mazito kuliko mengi yanayojadiliwa na wakubwa wetu. Siku ile nilimjibu kwa ufupi. Leo naomba nimjibu kwa urefu, na msomaji awe shahidi.

Tuanze na la kwanza. Setilaiti aliyoitaja ni Taifa-1, iliyorushwa tarehe 15 Aprili, 2023 kutoka kituo cha Vandenberg, California, ikiwa abiria mmoja kati ya wengi ndani ya roketi ya Falcon 9. Serikali ilieleza kwamba iligharimu takriban shilingi milioni 50, na kwamba kazi yake ni kupiga picha za ardhi ili kusaidia kilimo, misitu na utabiri wa majanga. Haki tuseme: kwa setilaiti ya aina hiyo, ikweta haina faida. Taifa-1 ilipangiwa kupita karibu na ncha za dunia, kutoka kaskazini kwenda kusini, hali dunia inazunguka kuelekea mashariki. Msaada wa ikweta humfaa yule anayerusha mzigo kuelekea mashariki. Hapo ardhi yenyewe humsukuma kwa mwendo wa mita 465 kwa sekunde, yaani kilomita 1,670 kwa saa, bila kumtoza hata senti.

Hata hivyo, swali la msichana lina mzizi mrefu zaidi. Kenya ilikuwa na kiwanja cha kurushia roketi kabla hajazaliwa, na kabla mzazi wake hajazaliwa. Huko Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa baharini, na tarehe 26 Aprili, 1967 wakarusha setilaiti ya San Marco 2 kwa roketi ya Marekani aina ya Scout. Tarehe 12 Desemba, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Mwanasayansi aliyeongoza uchunguzi huo, Riccardo Giacconi, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Kwa jumla setilaiti 9 ziliondoka hapo, ya mwisho ikiwa mwezi Machi mwaka 1988. Tangu hapo hakuna setilaiti iliyorushwa Ngomeni. Kituo kingalipo, kikipokea habari kutoka angani, lakini majukwaa yamebaki kama jahazi lililopwelewa.

Sisi tulitoa bahari, tukatoa ikweta, tukapewa heshima ya jina. Ujuzi wa kutengeneza roketi haukushuka pwani ukaingia katika vyuo vyetu. Mkataba mpya na Italia, uliotiwa saini mwaka 2016, umetaja mafunzo na ugavi wa data, na hiyo ni hatua njema. Lakini msomaji ahesabu mwenyewe: tangu 1967 hadi 2016 ni miaka 49. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba penye miti hapana wajenzi.

Sasa twende kwenye swali la pili, ambalo ndilo kiini cha makala haya.

Roketi ni chombo cha ajabu lakini ni kigumu kukitunza. Sehemu kubwa ya uzito wake ni mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo kazi yake ni kuyainua mafuta mengine. Ni kama lori linalotoka Kitale kwenda Mombasa likiwa limebeba petroli tupu, na mahindi yamewekwa katika kisanduku kidogo pembeni mwa dereva. Ndiyo maana nauli ni ghali. Hata baada ya bei kushuka sana katika miaka ya karibuni, anayepeleka setilaiti ndogo kwa roketi ya pamoja hutozwa zaidi ya dola 6,000 kwa kila kilo. Fedha hizo ni zaidi ya shilingi 770,000. Kwa bei ya shilingi 4,000 iliyotangazwa na serikali mwaka 2023 kwa gunia la mahindi la kilo 90, mkulima wa Kwanza angelazimika kuuza karibu magunia 200 ili apeleke angani kilo moja tu.

Wazo la sumaku linasema hivi: nguvu ya kusukuma isibebwe na chombo, ibaki chini ardhini. Chombo kiwekwe juu ya reli yenye koili za umeme, na kila koili ikivute na kukisukuma kwa zamu, mwendo ukiongezeka hatua kwa hatua. Jambo hili si ndoto ya mlevi. Mwezi Aprili mwaka 2015 gari la moshi la Japani, lisilogusa reli kwa kuwa limeinuliwa na sumaku, lilikimbia kilomita 603 kwa saa. Manowari ya Marekani iitwayo Gerald R. Ford, iliyoanza kazi mwaka 2017, hurusha ndege zake kwa umeme na sumaku badala ya mvuke. Mwandishi Mwingereza Arthur C. Clarke aliandika kuhusu kurusha vyombo kwa njia hii mwaka 1950, na Profesa Gerard O'Neill wa Marekani akaliendeleza wazo hilo miaka ya 1970, akiwa na nia ya kurusha mawe na udongo kutoka mwezini. Mmarekani James Powell, mmoja wa wavumbuzi wa gari la sumaku, pamoja na mwenzake George Maise, walibuni mpango waliouita StarTram: handaki refu lisilo na hewa ndani, lenye kuinuka hadi kilele cha mlima mrefu, na mzigo kutoka kileleni kama risasi.

Kinachovutia katika mpango huo ni hesabu ya umeme. Ili kilo moja ifikie mwendo wa kilomita 8 kwa sekunde, mwendo unaohitajika ili isirudi chini bali iizunguke dunia, inahitaji nishati ya karibu yuniti 9 za umeme. Hata tukihesabu shilingi 30 kwa kila yuniti, hiyo ni shilingi 270. Shilingi 270 upande mmoja, na 770,000 upande wa pili! Naelewa kwa nini vijana wakiisikia hesabu hii macho huwatoka.

Lakini mwalimu asiyesema upande wa pili wa hesabu ni mwongo. Kuna vikwazo vinne, na ni vyema mwananchi avijue ili asije akauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwanza ni urefu. Tukikubali mzigo ubanwe kwa nguvu ya mara 30 ya uzito wake, reli lazima iwe na urefu wa kilomita 109. Binadamu hawezi kuvumilia hilo. Akipunguziwa hadi mara 3, reli inakuwa ya kilomita 1,090, mbali kuliko kutoka Kitale hadi Mombasa. Kwa hiyo njia hii ni ya mizigo tu: maji, mafuta, vyuma na vyombo vilivyotengenezwa viwe vigumu.

Pili ni kasi ya kutoa umeme. Yuniti zenyewe si nyingi, lakini zote zinatakiwa katika sekunde 27. Tani moja ya mzigo, inapokaribia mwisho wa reli, ingehitaji nguvu ya takriban megawati 2,350. Kilele cha matumizi ya umeme ya Kenya nzima kilivuka megawati 2,300 mwaka 2025. Yaani kwa dakika ile tungezima taa kutoka Lodwar hadi Lamu ili kurusha tani moja. Wataalamu hujibu kwamba umeme utawekwa akiba kidogo kidogo, kisha uachiliwe kwa pamoja. Ni kweli, lakini ghala la umeme wa kiasi hicho nalo lina gharama yake.

Tatu ni hewa. Kimondo tunachokiona usiku huungua kikiwa kilomita 80 au zaidi juu, ambako hewa ni nyepesi mno. Chombo kinachotoka kwenye handaki kwa mwendo wa kilomita 8 kwa sekunde kinakutana na hewa nzito mara moja. Ndiyo sababu mlima mrefu unatakiwa, na hata kilele cha Mlima Kenya, mita 5,199, bado kina zaidi ya nusu ya uzito wa hewa ya pwani. Mwezini hakuna hewa, na huko ndiko wazo la O'Neill linakofaa zaidi.

Nne, kilichorushwa kutoka ardhini hurudi ardhini, mradi hakikupewa msukumo mwingine huko juu. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwa hiyo roketi ndogo bado itahitajika. Ndiyo maana wenye busara huzungumzia sumaku kama msaada wa kurushia, wala si badala ya roketi. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilifanya majaribio ya reli fupi ya aina hii mwishoni mwa miaka ya 1990, likilenga kukipa chombo mwendo wa kwanza wa takriban kilomita 1,000 kwa saa, kisha roketi iendelee. Reli ya kazi hiyo ni ya kilomita chache tu. Faida yake ni ndogo, lakini inaweza kufikiwa.

Na gharama? StarTram ya mizigo ilikadiriwa na waliobuni kuwa takriban dola bilioni 20, ambazo ni zaidi ya shilingi trilioni 2.5. Reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi, ambayo deni lake tungali tunalilipa, iligharimu takriban shilingi bilioni 327. Hizo ni karibu reli nane za namna hiyo, kabla ya gunia la kwanza kupakiwa.

Sasa tuuweke Mlima Elgon kwenye mizani. Una urefu wa mita 4,321 na uko digrii moja tu kaskazini ya ikweta. Kwa mtazamo wa ramani unapendeza. Lakini kumbuka kwamba mzigo lazima uelekee mashariki. Kwa hiyo handaki litapanda kutoka magharibi. Nimechukua rula na ramani: kilomita 109 magharibi ya kilele cha Wagagai zinatufikisha Busoga, na njia ingepita Pallisa na Mbale. Kilele chenyewe kiko upande wa Uganda. Reli, ajira na kodi vingekuwa vya Uganda, na mzigo ukitoka kileleni ungepita juu ya Endebess, Kwanza na Kitale kwa mshindo wa kuvunja madirisha. Sisi fungu letu lingekuwa kelele, na siku mambo yakiharibika, lingekuwa vyuma. Aliye juu mngoje chini, na tayari tumemwonja: tarehe 30 Desemba, 2024 pete ya chuma ya takriban kilo 500, masalio ya roketi ya wengine, iliangukia kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni.

Fauka ya hayo, huko mlimani kuna watu, na katika Trans Nzoia na Bungoma neno ardhi si neno la mzaha. Mzozo wa mashamba ya Chebyuk ulizaa mapigano ya mwaka 2006 hadi 2008, na majeraha yake hayajapona yote. Mwaka 2022 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Bungoma iliwapa Waogiek haki yao juu ya Chepkitale baada ya miaka mingi ya kuhangaika. Mlima huo vilevile ndio chemchemi ya mito inayotunywesha. Atakayekuja na ramani ya handaki aanze kwa kubisha hodi katika nyumba hizo, si katika ofisi za Nairobi.

Ngomeni nako ni kinyume cha Elgon. Mashariki yake ni bahari tupu, hakuna anayeangukiwa, lakini hakuna mlima. Hivyo maumbile yametupa urefu mahali pamoja na usalama mahali pengine. Hukumu yangu, kwa hiyo, ni hii: reli kubwa ya sumaku ya kurusha mizigo hadi angani haitajengwa hapa hivi karibuni, na mwanasiasa atakayeiahidi katika kampeni asipewe kura kwa sababu hiyo. Reli fupi ya msaada, ikiwa siku moja itafaa popote katika nchi hii, itafaa pwani.

Je, basi nimwambie msichana yule asahau? La hasha! Na hapa naomba nisimulie kisa cha kweli ambacho kila mkulima wa Kitale anakigusa kwa mikono yake bila kujua.

Mwanzoni mwa mwaka 1903, mwanasayansi wa Norway aitwaye Kristian Birkeland aliwaalika watu mashuhuri katika ukumbi wa chuo kikuu mjini Kristiania, mji ambao leo unaitwa Oslo. Alikuwa ametengeneza mzinga unaorusha risasi kwa nguvu za sumaku badala ya baruti, na alitaka wenye fedha waununue. Alipobonyeza swichi, umeme uliruka ovyo, ukatokea mwale wa kutisha na kishindo, na wageni wakashtuka. Mzinga ulishindwa. Lakini siku chache baadaye Birkeland alikutana na mhandisi Sam Eyde, aliyekuwa akitafuta mwale mkali wa umeme wa kuweza kuichoma hewa na kutoa naitrojeni ya kutengenezea mbolea. Ule mwale uliomwaibisha ukawa ndio dawa. Mwaka 1905 ilianzishwa kampuni ya Norsk Hydro, na kutokana nayo mwaka 2004 ikatengwa kampuni ya mbolea ya Yara, ambayo magunia yake hupatikana hadi madukani kwetu.

Umeona, msomaji? Mzinga wa sumaku haukurusha kitu, lakini Norway ilipata utajiri, kwa sababu aliyeshindwa alikuwa Mnorway, katika maabara ya Norway, mbele ya wenye mitaji wa Norway. Mwenye maarifa hufaidi hata anaposhindwa. Mwenye mahali hulipwa kodi ya mahali tu, na kazi ikihamia kwingine, kama ilivyohama Ngomeni baada ya 1988, hubaki akitazama vyuma vikishika kutu.

Sisi wa huku tunalijua somo hili tangu zamani. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Haikujengwa kwa ajili ya babu zetu. Ilijengwa ili mahindi ya walowezi yafike bandarini, na babu zetu walikuwa wapagazi na vibarua. Reli ilipita kwetu, lakini mzigo haukuwa wetu. Swali la kuuliza juu ya reli yoyote, ya chini au ya angani, ni lile lile: mzigo ni wa nani, na fundi ni nani?

Kwa maoni yangu mambo matatu yafaa yafanywe sasa, na hakuna hata moja linalohitaji mabilioni. La kwanza, vyuo vyetu vifundishe kwa vitendo elimu ya sumaku na uhifadhi wa umeme mwingi. Mori za umeme, pampu za maji na pikipiki za umeme zote ni watoto wa elimu hiyo hiyo, na kijana atakayeshindwa kurusha chombo angani atafaulu kumwagilia shamba maji. Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa msaada wa Japani na Italia, kilishaonyesha uwezo mwaka 2018 setilaiti yake ndogo ilipoachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani.

La pili, Shirika la Anga la Kenya, lililoundwa mwaka 2017, liuweke wazi kila mkataba unaohusu ikweta yetu, bahari yetu na anga yetu, ili mwananchi ajue tunatoa nini na tunapokea nini, hasa nafasi ngapi za mafunzo na kazi. Mali bila daftari huisha bila habari.

La tatu, serikali za Afrika Mashariki zikubaliane mapema juu ya vyombo vinavyopita juu ya nchi jirani, na juu ya nani atamlipa mkulima aliyeangukiwa na chuma. Mfano wa Elgon umeonyesha kwamba faida inaweza kuwa upande huu wa mpaka na hatari upande ule. Ni heri kuandikiana tungali marafiki.

Siku ile shuleni, kengele ya chakula ilinikatiza. Nilimwambia msichana yule: “Mlima hautafaa, mwanangu, lakini wewe utafaa.” Alitabasamu, kisha akaniuliza kama shule ina waya wa shaba wa kutengenezea koili. Nikamtazama mwalimu wa maabara. Mwalimu wa maabara akatazama chini.

Waya ule, wakuu wetu, hauzidi bei ya gunia moja la mahindi.